Risasi ya Tatu Haiingii

4 Juni

Shikamoo Mjomba,

Mama anasema masikio yako hayajapona na hayatapona, kwa hiyo nakuandikia badala ya kupiga simu tukaanza kugombezana kama wachuuzi.

Nina shida na bunduki ya Baba, ile kuukuu ya jeshi, ya bolti ya kuvuta kwa mkono. Mkaguzi wa silaha amebandika tangazo kwenye mlango wa klabu yetu ya shabaha: mwisho wa Septemba bunduki zote za zamani zitajaribiwa kiwanjani. Mwenye bunduki atajaza magazini, kile kisanduku cha risasi, na kufyatua risasi zote mfululizo, bila kukwama hata mara moja. Itakayokwama itazibwa mtutu na bolti yake itachomewa kwa welding, halafu mwenyewe ataruhusiwa kuitundika ukutani kama picha ya harusi.

Mjomba, yetu inakwama. Risasi ya kwanza inaingia vizuri. Ya pili inaingia. Ya tatu inainamisha pua, inagonga ukingo wa chini wa tundu inamotakiwa kukaa, yaani chemba, na hapo hapo inagoma. Nikiitoa kwa mkono, zilizo chini yake siku nyingine zinapita, siku nyingine hazipiti.

Kuna jambo ambalo huenda Mama hajakuandikia. Mwaka wa mwisho wa uhai wake, Baba aliacha kabisa kwenda klabu. Bunduki ilikuwa inamkwamia mbele ya watu, nao wakasema mikono imezeeka. Vijana wakampa jina la Mzee Kwama. Akaamini. Nyumbani akawa hashiki kikombe mbele ya wageni, eti mikono inatetemeka. Mimi sikuwahi kuiona ikitetemeka.

Wewe kabla hujahama ulikuwa fundi wa silaha wa kambi nzima. Mimi natengeneza meno ya bandia. Niambie nianzie wapi. Sitaki kuiona ikichomewa.

Mpwa wako


19 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Habari ya jina hilo sikuwa nayo. Dada yangu huniandikia bei ya vitu na harusi za watu. Yanayouma hupita nayo kimya. Kwa hiyo nimesoma barua yako nikiwa nimesimama dirishani, halafu nikaketi nikaisoma tena.

Sasa tufanye kazi. Sharti la kwanza: usijaribu chochote kwa risasi hai ndani ya nyumba. Tafuta risasi bubu, zisizo na baruti wala kiberiti, zenye urefu na unene uleule. Ukikosa za kununua, chonga za mbao.

La pili. Ukiitazama risasi ya bunduki hiyo utaona kitako cha ganda kina ukingo uliotokeza, kama ukingo wa sahani. Risasi zikipangwa ndani ya magazini, ukingo wa ile ya juu lazima ukae mbele ya ukingo wa ile ya chini. Ukikaa nyuma, bolti inaposukuma ya juu, ya juu inamburuta mwenzake wa chini, wanashikana kama watu wawili wanaotaka kupita mlango mmoja kwa wakati mmoja. Kosa hili ndilo la kawaida kuliko yote. Zipange upya, moja moja, kwa macho yako.

La tatu, itoe magazini kabisa, uitoe springi, uitazame. Isiwe imelegea, isiwe imerudishwa kichwa chini. Kisahani kinachosukuma risasi juu kipande na kushuka bila kukwaruza.

Miaka thelathini na kitu sijashika bunduki. Huku ninapoishi hakuna anayejua kwamba niliwahi. Wananijua kama mzee anayerudisha vitabu maktaba kabla ya siku yake. Lakini nilipokuwa naandika haya, vidole vilikuwa vinasogea vyenyewe juu ya meza. Nijibu upesi.

Mjomba wako


3 Julai

Shikamoo Mjomba,

Risasi bubu ninazo. Sikuchonga mbao. Nilitengeneza kalibu kwa plasta nikazimimina kwa ile plastiki ya waridi tunayotengenezea ufizi wa meno ya bandia. Zimetoka safi, urefu kamili, zinang'aa. Mama alizikuta mezani akauliza, "Hizi nazo ni za mgonjwa gani, mamba?"

Nimezipanga kama ulivyosema, ukingo wa juu mbele ya wa chini, kila moja kwa macho yangu. Ya tatu imegonga palepale. Springi ina nguvu, haijageuzwa, na kisahani kinateleza vizuri.

Klabu hawanisaidii. Nimemuuliza Jenerali, mwanachama mkongwe kuliko wote, ambaye bunduki yake ni pacha wa ya Baba, ya kiwanda kilekile. Unamkumbuka? Hakuwahi kuwa hata askari wa zamu, lakini anatembea kama anakagua gwaride. Meno aliyonayo nimemtengenezea mimi, kwa hiyo nilidhani ataninong'oneza siri mbili tatu. Akaniambia, "Binti, magazini ni ya watu wenye pupa. Mimi naweka risasi moja, nafyatua moja. Bunduki ni kama kula mbele ya wakwe: tonge moja moja, kwa staha." Vijana wakacheka, mimi nikaondoka.

Kuna lingine la kujaribu?

Mpwa wako


18 Julai

Mpwa wangu,

Risasi za waridi! Nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Katika maisha yangu yote ya karakana sikuona kitu kama hicho, na nilifanya kazi na watu wabunifu kuliko inavyostahili.

Jenerali namkumbuka, na mwendo wake. Tumwache na staha yake.

Umebaki na mambo mawili. La kwanza nalisema kwa upole: mkono. Watu wengi wanaoogopa bunduki huvuta bolti nusu. Haifiki nyuma kabisa, kwa hiyo ikirudi mbele haimshiki vizuri anayefuata. Shemeji naye alikuwa na mkono mpole mno kwa bolti, nilikuwa namtania tangu ujana wetu. Huenda umerithi. Vuta kama unayeifukuza.

La pili ni midomo ya magazini, yaani zile kingo mbili za bati juu zinazoizuia risasi isiruke nje. Ikipinda kidogo tu, pua ya risasi inaelekea pasipotakiwa. Chukua koleo jembamba, uufungue mdomo wa kushoto kwa unene wa karatasi, ujaribu, ufungue tena. Mimi nilikuwa nafanya hivyo kwa dakika chache huku napiga soga.

Mjomba wako


9 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu mara mbili nilianza barua nikaichana.

Bolti nimeivuta kama ninayeifukuza, mpaka gumba limechubuka na Mama amelifunga kitambaa. Inafika nyuma kabisa. Ya tatu imekwama vilevile. Kwa hiyo si mkono wangu, na sasa nakuomba usiseme tena kwamba ulikuwa mkono wa Baba. Walikwisha kusema wengine, wakatosha.

Koleo sijaligusa. Usikasirike, nisikilize kwanza.

Katika kazi yangu, mtu akija analalamika kwamba meno yanambana, mwanafunzi mjinga hushika tupa. Anayejua hutazama kwanza yameng'aa wapi. Meno ya bandia yakivaliwa muda mrefu hupata alama pale yanaposuguana na ufizi, na alama hizo lazima zilingane na kinywa. Kuna dada wawili, wazee, wanaoishi chumba kimoja na kuloweka meno yao kwenye bilauri moja. Asubuhi moja walikuja wote wawili wamefura, kila mmoja ananiambia kazi yangu imeharibika. Hakukuwa na kilichoharibika. Walikuwa wamebadilishana. Ningetumia tupa, ningewaharibia wote wawili.

Basi nimeitazama magazini hivyo hivyo, kwa lenzi na taa ya kazini. Ubavu wake wa kushoto, karibu na juu, una mng'ao wa kusuguliwa miaka mingi. Nikaitazama nafasi inamoingia kwenye bunduki: mahali hapo hapagusi kitu. Upande wa kulia, bunduki ina alama ya kusugua, na magazini haina. Tena ikiingia haikai sawa, upande mmoja unashuka kwa unene wa ukucha.

Namba ya bunduki imepigwa kwenye bolti na kwenye mtutu. Kwenye magazini hakuna namba. Klabu nzima wanasema magazini ni magazini, zote sawa.

Mjomba, ni kweli zote sawa?

Mpwa wako


24 Agosti

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, mwenye akili kuliko sisi sote,

Tupa hilo koleo! Litupe mtoni!

Si kweli. Hazikuwahi kuwa sawa. Kiwandani zilitoka zinafanana, lakini bunduki ilipofika karakana, fundi aliichukulia magazini moja, akaijaribu, akaikunja midomo kidogo huku na kule, akaijaribu tena, mpaka zikaelewana. Tangu siku hiyo zilikuwa mume na mke. Ukichukua magazini ya bunduki pacha na kuiweka kwenye hii, itaingia, itafunga, kila mtu ataona sawa, na risasi ya tatu itakwama. Bolti tulizipiga namba kwa sababu ya usalama. Magazini hatukuzipiga kwa sababu kambini kila askari alilala na yake na hapakuwa na nafasi ya kuchanganya.

Nimeandika "midomo, koleo, karatasi" kama kasuku, nawe ukaniuliza swali la fundi. Nimetembea barabara nzima hadi posta na kurudi nikijisemea peke yangu, na watu wamenipisha.

Kwa hiyo si mkono. Haukuwa mkono wako, na haukuwa wa shemeji. Maneno ya mkono mpole nayafuta.

Sasa muulize mama yako jambo moja: kabla bunduki haijaanza kukwama, ilifunguliwa wapi, na karibu na ipi? Magazini yake halisi ipo mahali fulani, ndani ya bunduki nyingine, inamtesa mtu mwingine. Mtafute anayeteseka.

Mjomba wako, anayejisikia kijana


5 Septemba

Kwa Mheshimiwa Jenerali,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu najua hupendi kuzungumza mambo ya bunduki karakanani kwangu mbele ya wateja.

Mama anakumbuka usafi mkuu wa klabu, ule wa mwisho ambao Baba alihudhuria. Mnavyofanya kila mwaka: bunduki zote zinafunguliwa, vipande vinapangwa kwenye meza ndefu, kila mtu anafuta cha jirani yake wanapopiga gumzo, halafu kila mmoja anajikusanyia vyake. Anasema wewe na Baba mlikaa ncha moja ya meza. Bolti mlizigawana kwa namba. Magazini mlizigawana kwa kukisia.

Naamini magazini iliyo kwenye bunduki ya Baba ni yako, na iliyo kwenye yako ni ya Baba. Naomba uniruhusu tuzijaribu. Mkaguzi naye hatakubali tonge moja moja.

Kwa heshima,
Fundi wako wa meno


6 Septemba

Kwa Fundi wa Meno,

Marahaba. Barua yako imefika na imesomwa.

Naomba ieleweke kwamba bunduki yangu haina tatizo lolote, haijawahi kuwa nalo, na uamuzi wangu wa kufyatua risasi moja moja ni wa hiari, umetokana na fikra za muda mrefu juu ya adabu ya mlenga shabaha. Dhana kwamba mtu wa uzoefu wangu anaweza kujichukulia magazini ya mwenzake ni dhana nzito.

Kuhusu jambo tofauti kabisa: jino langu la chini upande wa kulia linanisumbua. Nitafika kesho saa kumi alasiri. Nitakuwa na mfuko mrefu. Tafadhali funga mlango, na uwe na zile risasi zako za waridi, ambazo klabu nzima inazicheka.

Jenerali


30 Septemba

Shikamoo Mjomba!

Keti. Kama umekwisha kuketi, shika meza.

Jenerali alikuja saa kumi kamili na mfuko wake mrefu na akaketi kwenye kiti cha wagonjwa kama anayesubiri kung'olewa. Nikafunga mlango. Nikaitazama magazini yake kwa lenzi: mng'ao ulikuwa ubavu wa kulia, palepale ulipotakiwa na bunduki ya Baba. Nikaisukuma ndani. Mjomba, ililia "tik" moja, ikakaa. Haikushuka hata unene wa unywele.

Nikapanga risasi za waridi, nikavuta bolti. Ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu nikafumba macho. Nilipofumbua ilikuwa imekwisha kuingia. Nikavuta tu, nikavuta, zinaruka moja baada ya nyingine na kugonga sakafu, mpaka hapakuwa na kitu tena. Nikazipanga kwenye bunduki yake, nikiwa nimemwekea magazini yake halisi, ile iliyokuwa kwetu. Zikapita zote, ya tatu ikiwemo.

Jenerali akanyoosha mikono yake mbele, akaitazama nyuma na mbele.

"Kwa hiyo hii haina kitu?"

"Haina kitu, mzee."

"Nilijua ni uzee. Nikasema afadhali niitwe mwenye staha kuliko..." Hakulimaliza jina. "Na baba yako naye alijua ni uzee?"

"Alijua hivyo."

"Kabla hajaacha kuja, tulikaa benchi moja kiwanjani mwaka mzima," akasema, "yeye anaficha yake na mimi naficha yangu. Wapumbavu wawili." Akajifuta uso kwa kitambaa changu cha kazi, kile chenye plasta, akatoka nacho, na mpaka leo hajakirudisha.

Sasa jana. Kiwanja kilijaa. Mkaguzi alikuwa na meza, na nyuma yake, Mjomba, mtu wa welding kabisa na mtungi wake wa gesi, tayari. Bunduki mbili zilikwisha kukwama kabla yetu. Unasikia klabu nzima inavuta pumzi, halafu mtu anaipeleka bunduki yake kwa yule bwana wa gesi kama anayempeleka mbwa wake mzee kwa daktari.

Waliponiita, kijana mmoja akasema kwa sauti, "Haya, zamu ya Bi Kwama." Jenerali akageuka, akapanua kifua, akamwambia, "Wewe, simama wima ukimtazama mlenga shabaha!" Na yule kijana, Mjomba, akasimama wima.

Nikalala kifudifudi. Nikasukuma risasi chini kwenye magazini kutoka vile vibati vinavyozibana pamoja, klipu ya kwanza, klipu ya pili. Halafu sikufikiri chochote. Nilisikia tu bolti ikienda na kurudi, mbele nyuma, mbele nyuma, na bega likipigwa, na maganda ya shaba yakilia kwenye saruji. Ya tatu sikuitambua ilipopita. Nilijua nimemaliza pale nilipovuta kidole na bunduki haikusema kitu.

Mkaguzi akachungulia ndani ya chemba, akasema, "Tupu. Imepita." Wakaenda kuangalia shabaha. Zote zimo ndani ya duara jeusi, na kwa alama, Mjomba, nimekuwa wa kwanza. Jenerali wa pili. Bunduki yake nayo imepita, na alipiga mfululizo, kwa pupa kabisa, bila staha hata kidogo, huku anacheka.

Yeye ndiye aliyesimama juu ya benchi akawaeleza wote. Alieleza meza, usafi mkuu, magazini, kila kitu, na hakujipamba. Akamaliza: "Mwenzangu hakuzeeka mikono. Alikuwa mlenga shabaha bora wa klabu hii mpaka siku anaiacha. Nani ana jina lingine la kumwita, alitamke sasa." Yule bwana wa welding ndiye aliyeanza kupiga makofi, ingawa sisi ndio tuliomkosesha kazi.

Mama alikuwa amesimama kwenye uzio. Hakupiga makofi. Alikuja moja kwa moja akaichukua bunduki mikononi mwangu, yeye ambaye hajawahi hata kuipangusa vumbi, akaikumbatia yote, mtutu begani, akasema, "Nilimwambia. Kila siku nilimwambia, mikono yako mizima, lete kikombe nikumiminie chai." Akacheka na kulia kwa pamoja, nasi tukamfuata hivyo hivyo.

Mkaguzi alipojaza kibali akauliza, "Mwenye bunduki?" Nikasema, "Mimi."

Mpwa wako


14 Oktoba

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako ilifika asubuhi, nikaisomea ngazini, sikuweza kungoja kufika chumbani. Nilipofika kwenye "Tupu. Imepita" nilipiga ukelele ambao sikujua kwamba bado ninao. Milango ikafunguka yote. Mama mwenye nyumba alipanda mbio na ufagio mkononi, akidhani nimeanguka. Nyuma yake mshona viatu wa ghorofa ya chini na mkewe, na kijana mmoja mpangaji ambaye kwa mwaka mzima sijawahi kumsikia akisema neno.

Wakaniuliza kuna nini. Kwa lugha ya huku sikuwa na maneno ya kutosha. Sikuwahi kujifunza kuisema bolti, wala chemba, wala fahari. Basi nikawasomea barua yako kama ilivyo, kwa Kiswahili, kutoka mwanzo. Nilisimama ngazi ya juu, wao wakaketi za chini. Sehemu ya risasi nilivuta bolti hewani kwa mkono wangu, mbele nyuma, mbele nyuma, na mshona viatu akaanza kuhesabu kwa vidole. Nilipofika kwa dada yangu na kile kikombe, niliusoma mstari huo mara mbili, na mama mwenye nyumba akaweka ufagio chini. Hawakuelewa hata neno. Nilipomaliza walipiga makofi mpaka ngazi ikatetemeka.

Yule kijana msemaji haba ndiye aliyeuliza. Aliionyesha barua yako kwa kidole, akaniuliza polepole ili nimsikie: nani ameshinda?

Hilo niliweza kulijibu kwa lugha yao. Nikamwambia, "Shemeji yangu."

Mjomba wako